Kila kompyuta ya steshenari yangu inaleta onyo jekundu

Shikamoo fundi,

Nina steshenari ndogo karibu na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro. Kompyuta tatu, printa mbili, na fotokopi moja inayokwama karatasi kila ikipata joto. Watu wanakuja kujaziwa maombi ya mkopo wa chuo, ya ajira, ya cheti cha kuzaliwa, wengine kuangalia matokeo tu. Nakuandikia kwa sababu ya ule ukurasa wa pembetatu nyekundu unaosema muunganisho si salama na kwamba wezi wanaweza kuchukua taarifa zako. Kila kompyuta ina kisa chake.

Ya mlangoni ni kuukuu. Usiku nikizima umeme ukutani, asubuhi haifungui tovuti hata moja. Inasema saa yangu iko nyuma, na chini imeandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Mimi kila asubuhi naiweka saa sawasawa na ya simu, dakika kwa dakika, na bado inasema iko nyuma. Nimewasha na ile ya kujirekebisha yenyewe kwa mtandao, wapi. Sasa naitumia kuchapa barua tu.

Ya katikati ina Windows 7. Nilizima masasisho yote tangu nilipoinunua kwa mtu, maana bando lilikuwa linakatika kabla ya saa sita mchana. Hiyo ilikuwa inafungua tovuti nyingine vizuri, nyingine inaleta pembetatu na NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Nikazoea kubofya yale maandishi madogo ya kuendelea hivyo hivyo. Mwezi uliopita nilikuwa namjazia mwanafunzi mmoja maombi, yana namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), akaunti ya benki na taarifa za wazazi. Akaniuliza, "Dada, hiyo nyekundu ni ya nini?" Nikamjibu, "Ni mtandao tu huo, usijali." Akanyamaza, lakini aliendelea kuitazama mpaka tukamaliza. Usiku ule sikulala vizuri.

Wiki iliyofuata akapita kijana mmoja anayetengeneza simu hapa stendi, akasema hiyo ni kazi ya dakika mbili. Akachomeka flashi, akaweka faili aliloliita "cheti", akabofya ndiyo, ndiyo, nikampa shilingi 5,000. Na kweli, tangu siku hiyo pembetatu haijarudi. Mume wangu ananiambia nimwite aweke na kwenye mbili zilizobaki. Mimi nina wasiwasi, ila sijui wa nini.

Ya dirishani ina Windows 10 na haina shida, isipokuwa tovuti ya shule moja ya bweni ambayo wazazi wanakuja kuchapishiwa fomu ya kujiunga. Hiyo inaleta nyekundu kila mahali, mpaka kwenye simu yangu. Wazazi wanadhani ni kompyuta zangu.

Nimwite kijana, au nifanyeje?

Mwenye steshenari, Msamvu


Marahaba, binti yangu.

Kijana usimwite kwanza, na ile flashi yake isiingie kwenye mashine nyingine mpaka tumalize mazungumzo haya.

Kwa kazi yako, naamini barua za utambulisho kutoka serikali ya mtaa unazichapa kila siku. Mtu akiipeleka benki, karani anaangalia mambo matatu: jina ni la huyu aliyesimama mbele yangu? Tarehe bado inafaa? Muhuri ni wa ofisi ninayoitambua? Cheti cha tovuti ni barua ya namna hiyo. Tovuti inakionyesha kila unapoifungua, na karani ni kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti, kama Chrome. Tarehe ikimtia shaka anaandika DATE_INVALID. Muhuri asioutambua ni AUTHORITY_INVALID. Jina lisipolingana ni COMMON_NAME_INVALID, na hilo utakutana nalo zaidi ukitumia Wi-Fi ya hoteli kabla hujaingiza namba waliyokupa mapokezi.

Kwa hiyo yale maandishi ya Kiingereza yaliyo chini, ambayo kila mtu huyaruka, ndiyo yenye habari. Wewe umeninakilia herufi kwa herufi. Ungejua ni wangapi huniandikia "inaleta error" basi, wakaishia hapo.

Tuanze na ya mlangoni, ambayo ni rahisi. Unairekebisha saa, lakini mwaka je? Kama ule mstari wa chini wa skrini umewekwa mwembamba, pembeni inaonekana saa peke yake, tarehe imejificha. Peleka mshale juu ya saa uuache hapo kidogo, tarehe itajitokeza. Sitashangaa ukikuta Januari mosi ya mwaka ambao ulikuwa bado shule ya msingi. Kompyuta inayoamini iko mwaka 2009 ikioneshwa cheti kilichotolewa mwaka huu, itasema barua hii bado haijaandikwa. Chrome inajuaje kwamba saa ndiyo mbovu? Kila toleo lake linabeba ndani yake tarehe lilipotengenezwa. Likijikuta limeamka kabla ya siku yake ya kuzaliwa, linajua kuna kasoro.

Na ile ya kujirekebisha kwa mtandao haikukusaidia kwa sababu Windows ya nyumbani, kwa mipangilio yake ya kawaida, hukataa kusahihisha tofauti inayozidi saa 15. Ukiwa umechelewa dakika kumi itakuvuta. Ukiwa umechelewa miaka, inakuacha ulivyo. Weka kwanza siku, mwezi na mwaka kwa mkono, ndipo uiambie ijilinganishe.

Kinachosahaulisha saa ni betri. Ndani ya boksi, juu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kuna betri bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Ndiyo inayoshikilia saa wakati umeme umezimwa, na yako imekufa. Bei yake haizidi sahani ya chipsi, na wauza saa pale stendi wanazo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili chaji iliyobaki iishe. Fungua ubavu wa boksi, shika kwanza chuma cha boksi kwa mkono mtupu, maana umeme mdogo wa kwenye nguo za nailoni unaweza kuua kifaa bila wewe kuhisi. Pembeni ya betri kuna ulimi mdogo wa chuma. Usukume kwa ukucha, betri itaruka yenyewe. Mpya iingie upande wenye alama ya kujumlisha ukikutazama. Ukiwa na mita, pima ile uliyoitoa: nzima husoma volti 3, yako nadhani haitafika hata 2.5.

Ukiwasha, weka tarehe, na ukanda wa saa uwe wa Nairobi, yaani saa tatu mbele ya ile ya dunia. Hapo nikutahadharishe jambo ambalo limewahi kunizungusha nusu siku kwa mteja mmoja. Alikuwa ameweka saa ya Kiswahili. Saa mbili asubuhi yeye kaandika 02:00, na kompyuta ikawa nyuma saa sita. Tovuti karibu zote zilifunguka sawa, isipokuwa moja iliyokuwa imepata cheti kipya asubuhi hiyo hiyo. Ilikataa mpaka jioni, halafu ikakubali bila mtu kuigusa. Tulidhani ni jini. Saa mbili asubuhi kwenye kompyuta ni 08:00.

Sasa ya katikati. Hii ndiyo inayoninyima usingizi mimi, ingawa wewe unaiona imepona.

Nikueleze kwanza ilikuwa inaumwa nini. Karani ana orodha ya mihuri anayoitambua. Kwenye Windows 7 ambayo haijawahi kusasishwa, yenye kivinjari cha zamani kinachotegemea orodha ya Windows, orodha hiyo imezeeka. Kuna shirika lisilo la faida la Marekani linaitwa Let's Encrypt, ambalo tangu 2015 linatoa vyeti bure, na tovuti nyingi mno zinatumia vyeti vyake. Mwanzoni lilikuwa likiegemea muhuri wa zamani wa wenzao, uitwao DST Root CA X3, na muhuri huo ulikwisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Tangu hapo linategemea wa kwake, ISRG Root X1. Mashine ambayo haijausikia muhuri huo mpya inazikataa tovuti hizo, na nyingine inazifungua vizuri. Inafanana kabisa na ulivyoeleza: nyingine sawa, nyingine nyekundu.

Kwa hiyo yawezekana kijana alikuwa mkweli. Yawezekana faili lile lilikuwa ISRG Root X1, ambayo ndiyo dawa halali, na 5,000 zako zimekwenda kwa haki. Lakini yawezekana pia alikuwekea muhuri wa kwake. Ukishamwandikia karani kwamba muhuri wa mtu fulani unakubalika, mtu huyo anaweza kujitengenezea barua ya jina lolote: benki yako, barua pepe yako, tovuti ya mkopo. Akipata njia ya kukaa katikati ya kompyuta na mtandao, anasoma kila kinachochapwa, na wewe huoni pembetatu hata moja. Ukimya wa mashine hiyo kwa sasa hauthibitishi lolote, si zuri wala baya. Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan iliwataka wananchi waweke muhuri wa aina hiyo kwenye vifaa vyao. Agosti mwaka huo huo Google, Mozilla na Apple wakauzuia kwenye vivinjari vyao, hata kwa aliyekuwa ameshauweka. Kama nchi nzima ilikataliwa, kijana wa flashi tumwulize maswali.

Kaa kwenye mashine hiyo, fungua Google. Bofya kufuli iliyo pembeni ya anwani, kisha ufungue cheti. Tafuta palipoandikwa Issued by au Issuer, usome jina la shirika (Organization, au O). Google hujitolea vyeti vyake yenyewe, kwa hiyo unatakiwa kukuta Google Trust Services. Ukikuta jina la programu ya kuzuia virusi uliyonayo, usiogope sana. Kaspersky, ESET na Avast zina uwezo wa kujiweka katikati ili zikague, na hilo unaweza kulizima kwenye mipangilio yao. Ukikuta jina usilolijua, au jina la mtu, chomoa waya wa intaneti hapo hapo.

Google ikiwa safi, rudia kwenye tovuti mbili tatu unazojazia watu fomu, kwa sababu mwizi mwenye akili haigusi Google. Linganisha mtoaji wa cheti na yule unayemwona ukifungua tovuti hiyo hiyo kwenye kompyuta ya dirishani, ikiwa imeunganishwa na bando la simu. Majina yafanane.

Kisha tazama alichokiacha. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika certmgr.msc, ingia folda ya Trusted Root Certification Authorities. Utaona orodha ndefu ya majina ya kigeni, usiyafute ovyo. Tafuta ISRG Root X1. Ukiipata, usiamini jina, jina mtu yeyote anaweza kuliandika. Ifungue, nenda kwenye maelezo, shuka mpaka chini kwenye Thumbprint, yaani alama ya kidole ya cheti. Ile ya kweli inaanza na ca bd 2a 79 na kuishia na 43 29 a5 e8, na muda wake unaisha Juni 2035. Ikilingana, kijana wa watu ni mwaminifu, mnunulie soda. Ukikuta badala yake jina la ajabu lililotolewa hivi karibuni, mimi nisingehangaika kulifuta peke yake. Aliyeweka hilo anaweza kuwa ameweka na kingine kinachonakili kila unachobonyeza. Hamisha mafaili yako, futa mashine yote, weka mfumo upya, na ubadilishe nywila zako zote ukitumia kifaa kingine.

Hata kama kijana ni msafi, Windows 7 haifai tena kujazia watu fomu. Microsoft waliiacha tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho inayoikubali ni toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023. Kwa kujishikiza, weka Firefox 115, ya mwisho kwa mashine hiyo. Yenyewe hutembea na orodha yake ya mihuri, haiombi ya Windows. Lakini hiyo ni bandeji. Wengine watakwambia uweke Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Mimi naipenda, nyumbani natumia aina yake iitwayo Mint. Ila kwa steshenari, mteja akileta barua ya Word ikafunguka na mistari imehama, utagombana naye wewe, si mimi. Kama ingekuwa yangu, ya katikati ningeifanya ya kuchapa na kuskani tu, ya mlangoni ikishapata betri, kama mfumo wake si wa zamani kama huu, ndiyo iingie mtandaoni. Na masasisho usiyazime. Panga yaingie usiku, kwa bando la usiku.

Tovuti ya shule haina mengi. Ikikataa kwenye kompyuta na kwenye simu, zenye mitandao tofauti, tatizo liko kwao: mara nyingi ni cheti kilichokwisha muda na hakuna aliyekihuisha. Hakuna utakachorekebisha hapo Msamvu. Piga namba ya ofisi ya shule uwaambie hivi: "Cheti cha usalama cha tovuti yenu kina tatizo, huenda kimekwisha muda, mwambieni aliyewatengenezea." Wakilia gharama, waambie Let's Encrypt hutoa bure na programu inaweza kukihuisha yenyewe, maana vya kwao hudumu siku 90. Tena wajizoeze mapema, kwa kuwa muda unazidi kufupishwa hata kwa vyeti vya kununua: zamani ulifika siku 398, kuanzia 15 Machi 2026 ukomo ni 200, na kuanzia 15 Machi 2029 umepangwa kuwa 47. Shule inayomtegemea mtu akumbuke itaaibika kila baada ya mwezi na nusu.

Wazazi watakuuliza, tunaitaka fomu tu, hatuandiki chochote, kuna ubaya gani kuruka onyo? Kusoma tangazo la siku ya kufungua, sawa, nami ningeruka. Fomu ya kujiunga je? Mara nyingi humo ndani ndimo ilimo namba ya akaunti ya kulipia ada. Tovuti ambayo hatuna hakika ni yenyewe inaweza kukupa fomu nzuri, yenye nembo ya shule, na namba ya akaunti ya mtu mwingine. Wewe utachapa, utachukua mia tatu zako za karatasi, na mzazi atapeleka ada asikokujua. Ukiona imewalazimu kuichapa, wapigie shule wakusomee namba ya akaunti, uihakiki mbele ya mzazi.

Limebaki la yule mwanafunzi. Kwa ulivyoeleza, nadhani taarifa zake zilifika salama zilikokusudiwa, kwa kuwa ugonjwa wa mashine ulikuwa orodha kuukuu na kijana alikuwa bado hajafika na flashi yake. Lakini wewe ulipoliruka onyo ulimwondoa karani mlangoni, kwa hiyo hakuna aliyehakiki ile ilikuwa tovuti gani. Hilo alistahili kulijua alipouliza. Mpigie, mwambie abadilishe nywila ya akaunti yake ya maombi akitumia simu yake mwenyewe, aangalie kama maombi yanaonekana yamepokelewa, na asimpe mtu yeyote namba ya siri atakayepiga simu akijidai ni wa bodi ya mikopo au wa benki, hata akimtajia namba yake ya NIDA kwa usahihi. Na umjibu lile swali lake la nyekundu. Mpigie leo, kabla hujaenda kununua betri.